Ukitoka Kupigwa Hijama: Namna ya Kujiuguza Nyumbani Mpaka Vigaga Vidondoke

Mamangu hupigwa hijama mara mbili kwa mwaka, na kazi ya kuutazama mgongo wake baada ya hapo ni yangu. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, chumba ambacho upepo hauingii mpaka kusi ianze. Haya ninayoyaandika nimejifunzia katika joto hilihili unaloishi nalo wewe, na kwa maji hayahaya ya mtungi.

Wazee wetu waliita kuumika, au kupiga chuku. Walitumia pembe ya ng'ombe, wakavuta hewa kwa mdomo. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu ya mkono. Hijama kavu ni ya kuvuta tu, haikati ngozi. Hijama ya damu ni ile ya kuvuta, kuchanja chale ndogo, kisha kuvuta tena. Ukipigwa vikombe saba vya namna hii, unarudi nyumbani na makumi ya chale mgongoni. Hazihitaji kushonwa, na nyingi huwezi hata kuzihesabu kwa macho, lakini ngozi imefunguka na vijidudu vinapita hapo kama vinavyopita kwenye jeraha lolote. Mtu akiambiwa hijama ni sunna na ni tiba, husahau kwamba mgongoni ana kidonda. Mpiga hijama anamaliza kazi yake kwa saa moja. Zile siku saba hadi kumi zinazofuata ni zako.

Kabla hujainuka kitini

Usiondoke mbio. Kaa dakika 15 au 20, kunywa maji au juisi, uone kama kichwa kimetulia. Kuna watu presha huwashuka ghafla wakisimama, na ngazi za nyumba za Mjini Kale hazina huruma kwa mwenye kizunguzungu. Ukihisi macho yanaingia giza, jilaze hapohapo na miguu uiinue juu ya mto au kiti. Usione haya.

Muombe aliyekufanyia akuhakikishie kwamba kila duara limeacha kutoa damu kabla ya kufunikwa. Vilevile uliza ni vikombe vingapi na viko wapi. Mgongo wako huuoni, na atakayekutazama nyumbani lazima ajue anatafuta nini.

Usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo. Tuktuk ni bora kuliko boda, na ukiweza kuepuka matatu iliyojaa, epuka. Kama unakaa Likoni, panga miadi yako ili usivuke feri saa ya watu kutoka kazini. Ule msongamano wa mtu kukuegemea mgongoni utakuumiza, na bandeji itatoka kabla hujafika ng'ambo.

Saa 24 za kwanza

Bandeji iache ilivyo. Usichungulie, usiibane upya, usiimwagie maji. Doa jekundu la ukubwa wa sarafu juu ya shashi ni la kawaida. Damu ikizidi kupenya, mwenzio aweke shashi nyingine safi juu ya ile ya kwanza, bila kuing'oa, akandamize kwa kiganja dakika 10 kamili, kwa kutazama saa. Asiachie katikati ili atazame, kwa sababu kila akiachia anavunja kile kilichoanza kuganda. Ikiwa baada ya kukandamiza mara mbili hivyo bado inatiririka, nendeni hospitali.

Maumivu huwa ya kadiri, kama mgongo uliopigwa jua. Panadol inatosha. Aspirini na brufeni usinunue mwenyewe siku hiyo kwa ajili ya maumivu, kwani hufanya damu ichelewe kuganda. Hapa nieleweke vizuri: kama daktari amekuandikia aspirini ya moyo kila siku, endelea nayo mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Dawa za presha na za sukari nazo zinywe kwa saa zake. Nimewaona watu wakiziacha wiki nzima kwa kuwa “damu imeshatolewa.” Damu inayotoka kwenye vikombe haitibu presha, na aliyekuambia uache dawa zako kwa sababu ya hijama amekudanganya, hata kama kakudanganya kwa nia njema.

Kwenye swala, inuka polepole kutoka sijida. Mamangu mara ya kwanza alikaribia kuanguka kwenye mswala wake wakati wa magharibi, na tangu siku hiyo huswali karibu na ukuta. Habari ya udhu na josho juu ya bandeji muulize sheikh wako. Suala la kupaka maji juu ya kilichofungwa lina maelezo yake katika fiqhi, na hakuna haja ya kuloanisha jeraha kwa kuona aibu kuuliza.

Kazi nzito, mazoezi na mambo ya chumbani yasubiri siku mbili. Sababu ni jasho na mshindo wa damu, basi.

Maji: hapa ndipo tunapoharibikiwa

Miongozo mingi inasema “osha kwa maji safi” kisha inapita. Mombasa sentensi hiyo haitoshi. Bomba linatoka likipenda. Mtungi wa lita 20 ulioletwa na mkokoteni hujui ulijazwa wapi, wala hujui mara ya mwisho ulioshwa lini ndani. Kisima cha uani maji yake ni ya chumvichumvi, na katika mitaa iliyobanana kisima na shimo la choo havikai mbali. Maji hayo tunaoga kila siku na hatuugui, kwa sababu ngozi nzima inatukinga. Wewe kwa wiki hii ngozi yako si nzima.

Fanya hivi. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja au zaidi, yafunike, yapoe ndani ya sufuria ileile. Pima nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani, kilichosawazishwa bila kilima, koroga mpaka iyeyuke. Weka kwenye chupa ya kioo uliyoichemsha, yenye mfuniko. Maji haya ya chumvi hayachomi jeraha kama unavyodhani. Kiasi hicho kinakaribiana na chumvi iliyomo mwilini mwako. Kesho yake yamwage utengeneze mengine. Tumia ya bomba, ya kununua, au ya mtungi, lakini usitumie ya kisima chenye chumvi, kwa kuwa kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na hutajua kipimo chako kimefika wapi.

Kuoga, saa 24 za mwanzo jifute kwa kitambaa kibichi kwapani, shingoni na miguuni, mgongo uuache. Kuanzia siku ya pili unaweza kuoga kwa kopo, maji ya vuguvugu, ukijimwagia kutoka kiunoni kwenda chini. Mgongo mtu akuoshee mwishoni, kwa yale maji ya chumvi. Dodoki liweke mbali mpaka vigaga vyote vidondoke.

Kufungua bandeji

Hii ni kazi ya mtu wa pili. Anaosha mikono kwa sabuni, mpaka chini ya kucha, na kuikausha kwa kitambaa safi au kuiacha ikauke yenyewe.

Mara yangu ya kwanza niliharibu. Mamangu alikuwa amefunikwa kwa pamba, siyo shashi, na damu ilikuwa imekauka ndani ya nyuzi zake. Nilipoivuta, ngozi iliinuka pamoja nayo kama kitambaa cha hema, naye akashika ukingo wa kitanda bila kusema neno. Nikaendelea kuvuta. Vigaga vitatu vikatoka na damu ikaanza upya. Aliyenifunza baadaye alikuwa muuguzi jirani yetu, na alichonifunza ni kusubiri. Lowesha shashi kwa maji ya chumvi, usiguse kwa dakika tano, kisha anza pembeni, ukiikunja juu yake yenyewe na kuiburuta sambamba na ngozi. Ikigoma, mimina tena. Shashi iliyoloa vizuri huachia yenyewe, na utasikia mkononi jinsi inavyolegea.

Ukishaifungua, mimina maji ya chumvi kutoka juu ya mgongo yateremke. Gusagusa kwa shashi mpya, usisugue. Acha pakauke dakika chache. Paka vaselini kidogo sana kutoka kopo jipya, au kopo ambalo hakuna vidole vya nyumba nzima vilivyopita. Chota kwa kijiko kilichochemshwa. Ngozi yenye unyevu kidogo inafunga upesi kuliko iliyokauka ikapasuka. Funika kwa shashi na plasta ikiwa utavaa nguo na kutoka. Ukiwa umekaa ndani, umevaa leso tu na chumba ni kisafi, kuanzia siku ya tatu unaweza kuacha wazi. Rudia mara moja kwa siku, na mara mbili ikiwa umetoka jasho sana.

Yasiwekwe pale: spiriti, majivu, dawa ya meno, unga wa kahawa, manjano ya jikoni, ndimu. Spiriti inachoma nyama changa inayojaribu kufunga. Mafuta ya habasoda yana heshima yake, na mimi mwenyewe nakula habasoda, lakini chupa tunazonunua sokoni zimefunguliwa na kujazwa tena bila kuchemshwa, na ngozi za watu wengine huyakataa zikatoka vipele. Yapake baada ya vigaga kudondoka. Asali pia ni hivyohivyo: inayotumiwa hospitalini kwenye vidonda imesafishwa kwa namna maalumu, na ile ya chupa ya soda yenye mabaki ya sega ndani ni ya kula. Kunywa asali yako, ni moja ya matibabu matatu yaliyotajwa pamoja na hijama katika hadithi ya Bukhari.

Jasho, nguo na usingizi

Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, jasho ndilo adui. Wengi wameambiwa wasikae kwenye feni baada ya hijama, eti baridi inaingia kwenye chale. Siamini hivyo kwa mji wetu. Mtu aliyefunga feni akatoka jasho usiku kucha, plasta imelegea na shashi imeloa, ana hatari zaidi kuliko aliyelala kwenye upepo. Washa feni, iwe inazunguka isikupige mgongo moja kwa moja, na pangusa vumbi lake kwanza.

Vaa pamba tupu: kikoi, leso, fulana kuukuu iliyolainika. Shati la nailoni na buibui la kitambaa kizito hubana jasho, kwa hiyo ndani yake tanguliza fulana ya pamba. Akina mama, kamba ya sidiria inapita palepale katikati ya mabega ambapo vikombe hupigwa. Iacheni siku tatu nne. Wanafunzi, begi la mgongoni lishikwe mkononi.

Lala kifudifudi au ubavu, juu ya leso safi ambayo unaibadilisha kila usiku. Chandarua kiwepo, maana ukiumwa na mbu mgongoni utajikuna usingizini na kuving'oa vigaga pamoja. Aliyepigwa hijama ya kichwani baada ya kunyolewa asivae kofia iliyokaa kabatini miezi. Afue kwanza, na juani afunike kwa kitambaa chepesi.

Bahari isubiri

Nasema kwa msisitizo kwa sababu watu wa Pwani tunaamini maji ya bahari ni dawa ya kila kidonda. Ami yangu alipigwa hijama Alhamisi, Jumamosi akaenda kuogelea na wanawe. Alitoka anajisifu kwamba chumvi imemkausha. Jumatatu duara moja, la bega la kushoto, lilikuwa limevimba, ngozi yake inang'aa, na ukiweka mkono ulihisi joto kabla hujagusa. Alimaliza wiki kwa vidonge vya antibayotiki. Bahari yenye joto kama yetu ina bakteria wake wanaopenda ngozi iliyo wazi, na kando ya mji kuna maji machafu yanayoingia. Usiingie baharini wala bwawa la kuogelea mpaka kigaga cha mwisho kimetoka chenyewe, ambayo kwa wengi ni siku ya saba hadi ya kumi.

Kula na kunywa

Siku hiyo kula chepesi: uji, supu ya samaki au kuku, tende. Madafu mawili matatu kwa siku yanasaidia, ila mwenye ugonjwa wa figo asinywe ovyo kwa kuwa yana potasiamu nyingi, na mwenye sukari ayahesabu kama kinywaji kitamu. Maji ya kawaida kunywa mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu.

Damu uliyopoteza mara nyingi ni kidogo, lakini wanawake wengi huingia kwenye hijama tayari wana upungufu wa damu. Kwa wiki mbili ongeza mchicha, kunde, mbaazi, samaki, na maini mara moja kwa wiki (mjamzito asile maini kwa wingi, na hijama yenyewe aiache). Kamulia ndimu juu ya mboga, au kunywa ukwaju na chakula. Uchachu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi na kahawa chungu zisogeze mbele saa moja au mbili baada ya kula, maana zinazuia madini hayo. Kwetu hilo ndilo gumu kuliko yote.

Ukifanya hijama Ramadhani, iwe baada ya futari. Wanavyuoni wamehitilafiana kama inafunguza, lakini mwili wako hauna hitilafu: unahitaji maji.

Maduara na mwasho

Alama za mviringo zitabaki, kwetu sisi weusi zikionekana za zambarau iliyokoza au nyeusi. Ni damu iliyotoka kwenye vishipa vidogo ikakwama chini ya ngozi, kama alama ya kugongwa. Dunia nzima iliziona mabegani kwa muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki za Rio 2016. Hufifia kwa wiki moja hadi mbili. Weusi wa duara hauonyeshi wingi wa sumu mwilini. Unaonyesha nguvu ya uvutaji na muda kikombe kilipokaa.

Siku ya tatu au ya nne mwasho unaanza, na hapo ndipo subira inapopimwa. Usikune. Bonyeza kwa kitambaa kilichoroweshwa maji baridi ya kuchemshwa. Lengelenge dogo liache, maji yake ni safi na ngozi ya juu ni plasta ya bure. Likipasuka, lioshe kwa maji ya chumvi ulifunike. Kama ulitumiwa vikombe vya moto na ukaungua, mimina maji ya baridi ya kawaida dakika 20, upesi iwezekanavyo; barafu usiweke.

Usingoje ukiona haya

Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako: linganisha joto la duara na la ngozi ya jirani. Joto linaloongezeka, uvimbe, ngozi kukaza na kung'aa, maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili badala ya kupungua, usaha, harufu, homa au mtetemeko: siku hiyohiyo nenda zahanati au hospitali. Mwendo wa moyo kasi, kupumua kwa shida au kuzimia, nenda sasa hivi.

Taya kukaza au shingo kuwa ngumu siku chache au wiki kadhaa baadaye inaweza kuwa pepopunda. Kama hujachanjwa pepopunda kwa miaka 10, dungwa kabla ya hijama inayofuata.

Na ikiwa wembe haukufunguliwa mbele yako, au una shaka kwamba vikombe vilitumika kwa mtu mwingine, usiibebe shaka hiyo kimya. Ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, fika hospitali uulize dawa za kinga ya VVU, ziitwazo PEP, na uulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Mwenye sukari apime kila siku wiki hiyo na mgongo wake utazamwe asubuhi na jioni, kwa kuwa vidonda vyake hufunga taratibu na maambukizi huanza bila makelele. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye hemofilia (damu isiyoganda sawasawa) au selimundu, hapaswi kuchanjwa chale bila ruhusa ya daktari wake.

Vitu vyenye damu

Leso na shuka loweka kwanza kwenye maji baridi. Maji moto yanapika damu ikashika. Tone la damu sakafuni futa kwa kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 katika vikombe sita vya maji, iache dakika 10, na vaa glavu. Shashi zilizotumika zifungie ndani ya gazeti tabaka mbili kabla ya kutupa, watoto na paka wasizifikie.

Daftari

Nunua daftari la shilingi chache. Andika tarehe, idadi ya vikombe, mahali, siku kigaga cha mwisho kilipodondoka, na kama kovu limetanda. Ukiona kovu linavimba na kukua nje ya mpaka wa chale, una ngozi ya keloidi, na kwako wewe ni hijama kavu tu kuanzia leo. Ukienda kuchangia damu, waambie tarehe hiyo. Usirudie mahali palepale kabla ngozi haijarudi rangi yake, hata kama tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi wa Kiislamu imefika. Mwezi mwingine utaandama.

Katika daftari la mamangu mstari wa mwisho unasema: vikombe saba, mabega na kiuno, hakuna joto, kigaga cha mwisho siku ya tisa asubuhi, alikuwa anakunywa uji.